Kulikata neno kwenye kiungo

Mzee aliingia dukani asubuhi, kabla sijamaliza kupangusa kioo cha mashine ya kopi. Kikundi chao cha wakulima kutoka upande wa Molo kilikuwa kimepata meza kwenye maonyesho ya kilimo hapa Nakuru, wauze miche ya pareto, na kila mfuko wa mche ulihitaji stika. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati, akainyoosha kwa kiganja juu ya kaunta. Juu liwe jina la kikundi, katikati PARETO kwa herufi kubwa, chini jina la kitaalamu.

"Binti yangu," akasema, "hilo la chini uliangalie vizuri. Mimi nimelinakili tu jinsi nilivyoandikiwa."

Nikasoma: Tanacetum cinerariifolium.

Lile neno la pili lina herufi 15. Stika ilikuwa nyembamba, na kwa ukubwa wa maandishi alioutaka mzee neno halikuenea kwenye mstari mmoja. Lilibidi likatwe na kuwekewa kistari. Nilipoliandika, programu ikalipigia mstari mwekundu, kama inavyopigia karibu kila neno la Kiswahili ninaloandika humo. Nikaona i mbili zimefuatana. Niliamini kabisa kwamba mkono wa mzee uliteleza alipokuwa akinakili, nikafuta moja, nikaiacha programu ikate neno ilipopenda. Ikaweka "cinera-" juu na "rifolium" chini. Nikatoa stika 400.

Alirudi baada ya siku tatu, stika zote zikiwa kwenye bahasha. Mmoja wa wanakikundi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, na alikuwa amezungushia kalamu nyekundu ile stika ya juu. "Mwalimu anasema kuna herufi imepotea," mzee akaniambia kwa upole. "Na anasema hata pale ulipokata, hukukata kwenye kiungo."

Nilimwomba msamaha na kumwambia kazi itarudiwa bila malipo. Lakini maneno yale ya mwalimu yalibaki nami. Kila aliyewahi kumkata kuku jikoni anajua maana yake: hupigi kisu juu ya mfupa, unatafuta kiungo kwa kidole kwanza, ukikipata kisu kinapita chenyewe. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba neno nalo lina kiungo cha kutafuta kwa kidole. Na neno hilo lilikuwa la pareto, mmea ulionilipia karo.

Nililelewa na nyanya huko juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi ya Julai unavaa soksi ukiwa bado kitandani chini ya blanketi, maana hutaki miguu iguse sakafu mapema. Pareto hupenda baridi hiyo. Usiku usipokuwa na baridi ya kutosha, mmea huota majani mengi na maua machache. Tulichuma kwa mikono, kila baada ya wiki mbili hivi. Ua hushikwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, gumba linasukuma, kichwa kinakatika tik! bila kikonyo, kinaangukia kikapu kilichofungwa kiunoni. Vikonyo vikiingia kikapuni nyanya alivitoa kimoja kimoja, kwa sababu kikonyo ni uzito usio na ile dawa ya kuua wadudu.

Alitufundisha kusoma ua kabla ya kulichuma. Ile manjano ya katikati si kitu kimoja, ni vijiua vidogo vingi vilivyopangika duara ndani ya duara, navyo hufunguka kuanzia nje kuelekea ndani. Ukiona safu tatu au nne zimefunguka, ua limeiva. Zikiwa zimefungwa zote, umechuma mapema; zikifunguka zote na petali nyeupe zikaanza kuinama, umechelewa. Dawa yenyewe imejaa zaidi kwenye vijimbegu vilivyo chini ya ile manjano. Petali nyeupe, ambazo ndizo kila mtu anazipiga picha, hazina kitu cha maana.

Jambo jingine tuliloliona kila siku bila kulipa jina ni jani. Jani la pareto limechanikachanika kama la karoti, ila ni pana kidogo na laini zaidi. Juu ni kijani kilichofifia. Ukiligeuza, chini limefunikwa vinyweleo vyeupe vidogo mno hata unadhani mtu amepita na kulinyunyizia majivu ya jikoni. Wakati wa palizi, ukipiga magoti kati ya mistari na upepo ukavuma kutoka bondeni, shamba zima hugeuka rangi mara moja, kijani, kijivu, kijani tena.

Sasa rudi kwenye lile neno.

Cinis, kwa Kilatini, ni majivu. Kutokana nalo likapatikana cinerarius, la majivu, na kutokana na hilo kukawa na Cineraria, jina la jenasi nyingine ya mimea ambayo majani yake yana rangi hiyo. Nilifurahi nilipogundua kwamba sisi tumepita njia ileile bila kuambizana na mtu yeyote: jivu, kisha kijivu. Folium ni jani. Kwa hiyo cinerariifolium ni mmea wenye majani kama ya Cineraria, na Cineraria ni ule wenye majani kama yaliyomwagiwa majivu. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Treviranus, alipoupa mmea huu jina hilo mwaka 1820, huenda alikuwa ameligeuza jani na kuangalia upande wa chini, kama tulivyofanya sisi watoto. Jina la kwanza limebadilika mara kadhaa tangu hapo. Umeitwa Pyrethrum, umeitwa Chrysanthemum, sasa ni Tanacetum. Lakini majivu yamebaki. Hata kwenye kemia yamebaki. Dawa iliyomo kwenye ua ni mchanganyiko wa kemikali sita, piretrini mbili, jasmolini mbili na sinerini mbili, na sinerini imebeba jivu hilohilo.

Na zile i mbili? Kilatini kinapounganisha maneno mawili kuwa moja huweka irabu katikati ya kushikanisha, na kwa kawaida irabu hiyo ni i. Kigiriki hutumia o. Shina la Cineraria ni cinerari-, na tayari linaishia kwa i. Weka i ya kushikanisha, weka folium: cinerari, i, folium. I ya kwanza ni ya jivu. I ya pili ni gundi. Ukifuta mojawapo, kama nilivyofanya, ama umelikata shina au umeiondoa gundi.

Vitabu vingi vya zamani viliandika cinerariaefolium, kwa a na e badala ya i mbili, na bado utaikuta kwenye machapisho ya kilimo yaliyokaa maktabani miaka mingi. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zilisahihisha mtindo huo: pale mtu alipotumia -ae- kama gundi ya kuunganisha, irudishwe i. Kwa hiyo i mbili zilizofuatana si kosa la mkono wa mtu. Ni sahihisho.

Jioni ile baada ya kufunga duka nilikaa na karatasi na kuanza kulitenga neno kwa silabi, kama tulivyofundishwa shule ya msingi, kwa kupiga kofi kwa kila silabi.

Ci-ne-ra-ri-i-fo-li-um.

Nane. Nikashangaa jinsi lilivyotii. Konsonanti moja, irabu moja, konsonanti moja, irabu moja, ukiacha ile i inayosimama peke yake, mpaka mwisho kabisa ambapo um inabaki imefunga mlango kwa m. Silabi saba za mwanzo zingeweza kuwa za Kiswahili. Neno lililonitisha kwenye kioo cha kompyuta lilikuwa limejengwa kama maneno ya kwetu, na lilikuwa rahisi kulitenga kuliko maneno mengi ya Kiingereza ambayo huwezi kujua silabi imeanzia wapi.

Ugumu uko mahali pamoja tu, kwenye ri-i. Mzungumzaji wa Kiingereza hapo huteleza. Lugha yake humfundisha kuona herufi mbili zinazofanana na kuzitamka kama moja, au kuzigeuza sauti nyingine kabisa. Ndiyo maana wengi waliosoma baiolojia kwa Kiingereza, mimi nikiwemo, husema "sinerarifoliam" na kupita. Silabi moja imeanguka njiani na hakuna aliyeiona.

Lakini sisi tuna miiba.

Fikiria neno hilo. Mwiba mmoja, miiba miwili. Mi- ni kiambishi cha wingi, -iba ni mzizi, na pale vinapokutana kila kimoja kimekuja na i yake, hakuna aliyekubali kuiacha. Mi-i-ba, silabi tatu. Na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, unaangukia i ya pili haswa. Tunaikandamiza i ileile ambayo kwenye neno la Kilatini tunaimeza. Watoto wengi wakianza kuandika huandika "miba", mwalimu akasahihisha, na mtoto akisikiliza mdomo wake mwenyewe anatambua kwamba alikuwa akiitamka siku zote.

Na si miiba pekee. Kiini ni ki-i-ni. Kiinitete, kile kijimmea kinacholala ndani ya mbegu kikingoja maji, ni ki-i-ni-te-te. Mwanaanga ni mwana na anga, mwa-na-a-nga, na hakuna anayesema "mwananga". Tii ni ti-i. Mtu ambaye tangu utotoni amekuwa akisema tii na saa na kuu na miiba ana mdomo uliokwisha fundishwa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba majina haya marefu yanakubali kutengwa, na kwamba mdomo wake unatosha.

Hilo linaniuma, nalisema wazi. Nakumbuka darasa letu la baiolojia. Kila lilipokuja jina la kitaalamu mwalimu alilitamka mara moja kwa haraka, akaliandika ubaoni, na sisi tukalinakili kama unavyonakili nambari ya simu. Waliokuwa na kumbukumbu nzuri walilikariri. Wengine walilichukia somo zima. Hakuna aliyetuambia: pigeni kofi. Hakuna aliyetuuliza kiungo kiko wapi. Tulikuwa watoto wa wachuma pareto, tukiwa na harufu yake kwenye sweta, na hatukuambiwa kwamba jina lile refu lilikuwa linasema kitu tulichokuwa tumekiona kwa macho yetu jana yake jioni.

Sasa, mkazo. Hapa Kiswahili na Kilatini wanakaribiana kisha wanaachana kidogo. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kilatini hukazia hapohapo kama silabi hiyo ni nzito, yaani ina irabu ndefu, au irabu pacha, au imefungwa kwa konsonanti. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Tanacetum ina e ndefu, kwa hiyo ni ta-na-CE-tum, na Mswahili ataipata bila kufundishwa. Africana: a-fri-CA-na, vilevile. Lakini cinerariifolium inaishia li-um, na ile li ni nyepesi, kwa hiyo mkazo unarudi kwenye FO. Ulimi wetu unavutwa kusema fo-LI-um. Tiba yake ni kukumbuka kwamba hata sisi tunayo maneno machache ya namna hiyo. Wengi wetu tunasema LA-zima na A-frika, tukikaza silabi ya tatu kutoka mwisho bila taabu. FO-lium imekaa kama LA-zima.

Na c ya mwanzo? Waliofuata Kilatini cha kale husema k, kinerarii. Waliofuata Kiingereza husema s. Kanuni za majina ya mimea husimamia tahajia na hazimwamrishi mtu namna ya kutamka. Mimi nasema s, kwa kuwa ndivyo nilivyosikia kwanza na ndivyo watakavyonielewa hapa Nakuru. Ila silabi sizipunguzi. Mtu akitaka kuliswahilisha lote, kama tulivyofanya kwa kalsiamu na petroliamu, ataongeza u mwishoni na kupata sinerariifoliamu, silabi tisa, na mkazo utasogea wenyewe mpaka kwenye a. Sioni ubaya wowote.

Tena wakulima walishaifanya kazi hiyo zamani, kwa jina jingine la mmea huuhuu. Ua hili asili yake ni pwani ya Dalmatia, ng'ambo ya bahari kutoka Italia, na lilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Walowezi walikuja nalo wakiliita pyrethrum. Waliopewa kikapu wachume walilisikia, wakalitia kinywani, likatoka pareto. Angalia kilichofanyika. Py-re-thrum ina silabi tatu, na pa-re-to ina silabi tatu. Mkazo ulikuwa wa kati, umebaki wa kati. Rundo la thr limepunguzwa likawa t moja inayotamkika, na um iliyofungwa imefunguliwa ikawa o. Kila silabi sasa inaishia kwa irabu. Mtu ambaye hakuwahi kuliona neno hilo limeandikwa alilitenga kwa sikio, akahesabu sawasawa, akalijenga upya kwa matofali ya kwetu bila kupoteza hata silabi moja. Mimi, mwenye kompyuta na karatasi mbele yangu, nilipoteza moja.

Kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza dunia nzima kwa pareto, na sehemu kubwa ilitoka nyanda hizi za Nakuru na majirani zake. Kisha ikafika miaka ambayo nyanya alipeleka maua na malipo hayakuja, msimu huu, msimu uliofuata, mpaka akang'oa mistari yote na kupanda viazi. Sitaingia huko leo. Nataja tu ili ieleweke kwa nini wazee wanaorudi kuotesha miche ya pareto wananigusa, na kwa nini sikutaka stika yao iwe na kasoro.

Baada ya jioni ile nimekuwa nikitafuta viungo kila mahali. Jamaa zangu wa Kisumu wamelizoea gugumaji, gugu na maji, gu-gu-ma-ji, kiungo safi kisicho na utata. Lakini jina la kitaalamu walilolisoma shuleni, Eichhornia crassipes, huandikwa na watu wengi kwa h moja, kosa la ukoo mmoja na langu. Jenasi hiyo ilipewa jina la Eichhorn, waziri wa Prussia. H ya kwanza inakaa na c kufunga silabi, h ya pili inafungua silabi inayofuata: Eich-hor-ni-a. Zinagusana tu kwa kuwa zimekutana mlangoni. Wataalamu siku hizi wameuhamishia mmea huo kwenye Pontederia, hivyo taabu ya h mbili itapungua, ila crassipes imebaki, nene na mguu, cras-si-pes. Anayetaka kuujua huo mguu mnene aende ufukweni, achukue mmoja, aminye kile kikonyo kilichovimba kama kitunguu. Ndani ni hewa.

Hapa kwetu kuna miti ya manjano kando ya Ziwa Nakuru, ile migunga ambayo gome lake linaacha unga wa manjano kwenye vidole ukilisugua. Mingine imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji tangu ziwa lipande. Wazungu wa zamani waliiita mti wa homa, kwa kuwa waliolala chini yake waliugua. Mti haukuwa na hatia. Ulipenda maji, na mbu nao walipenda maji. Jina lake la pili ni xanthophloea: xanthos ya Kigiriki, manjano, phloios, gome, neno lilelile lililotupa floemu ya kidato cha pili, na katikati o ya gundi, ya Kigiriki. Hapa hesabu inageuka. O na e za phloea zimetokana na irabu pacha ya Kigiriki, ni silabi moja: xan-tho-phloe-a, nne. Nimewasikia wanaotembeza wageni wakisema "flo-e-a", tano, na mgeni anawaelewa vizuri tu. Ila inafundisha kwamba macho peke yake hayatoshi. I mbili zinazofanana zilikuwa silabi mbili, na herufi mbili tofauti zimekuwa moja. Lazima ujue kila herufi imetoka upande gani wa kiungo.

Lakini lililonikalisha usiku ni leleshwa.

Leleshwa kila mtu wa huku anaijua. Ukishuka kuelekea Elementaita unaona vichaka vyake vya kijivu kwenye miteremko yenye mawe, na ukivunja tawi unapata harufu kali ya kafuri, ile ya kifuani unapokuwa na mafua. Jina tulilonalo limetoka kwa Wamaasai. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea mingi majina, aliuita Tarchonanthus camphoratus. Tarchon, na anthos ya Kigiriki, ua. Kiungo kiko wazi: tarchon | anthus. Sasa jaribu kupiga kofi. Tar-cho-nan-thus. Ile n imeruka! Kimaana ni mali ya tarchon, mwisho wake kabisa. Kwa mdomo imehamia ng'ambo, imeianzisha silabi ya ua. Hakuna mtu duniani anayeweza kutamka tarchon-anthus kwa mwendo wa kawaida bila n kuvuka, kwa sababu mdomo haupendi silabi inayoanza kwa irabu wakati kuna konsonanti imesimama jirani haina kazi.

Kwa hiyo neno la namna hii lina njia mbili za kukatwa. Akili inakata pale maana mbili zilipokutana. Mdomo unakata pale pumzi inapotaka. Kwenye cinerarii-folium zote mbili zinakutana mahali pamoja, na ndiyo sababu mwalimu yule alisema nilikata mfupa: nilikuwa na mahali ambapo maana na pumzi zilikubaliana, nikakata kwingine. Kwenye Tarchonanthus hazikubaliani, na anayeliandika lazima achague. Ningechagua maana, tarchon-anthus, kwenye maandishi; kwa mdomo ningeiacha n ivuke.

Na hili nalo tunalo. Mwarobaini. Mti wa magonjwa arobaini, ndivyo watu wanavyosema, na jina lenyewe ni mu- ya miti na arobaini. Kiungo kiko kati ya u na a. Lakini mdomo haukusubiri, ukageuza u kuwa w na kukizika kiungo katikati ya silabi ya kwanza: mwa-ro-ba-i-ni. Huwezi tena kukata kwenye maana bila kulivunja neno. Mwiba wenyewe ni hivyohivyo! Mu- na -iba, mwi-ba, kiungo kimemezwa. Halafu wingi wake, miiba, kiungo kinasikika wazi kama kengele. Neno moja la mmea, umoja na wingi, limeshika njia zote mbili. Nililiandika mara mbili kwenye karatasi, moja juu ya jingine, nikalitazama muda mrefu.

Stika za pili nilizitoa kwa mkono wangu bila kuiruhusu programu ikate chochote. Tanacetum mstari wa kwanza. Cinerarii- mstari wa pili, i mbili zimesimama mwishoni kama nguzo za lango, kisha kistari. Folium mstari wa tatu. Yote kwa herufi za mlazo, jina la kwanza kwa herufi kubwa mwanzoni na la pili kwa ndogo, kama desturi ilivyo.

Mzee alipokuja nilimwekea moja kaunta na kumwomba alisome. Akacheka kidogo, akasema hayo ni ya akina mwalimu. Nikamwambia, "Mzee, hebu sema miiba." Akasema. "Sasa piga meza kila silabi." Akapiga kwa kidole, mara tatu. Nikamwonyesha silabi za jina moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu, naye akafuata kwa kidole chake, kidole chenye ukucha uliochongoka wa mtu aliyechuma maisha yake yote. Si. Ne. Ra. Ri. Alipofika hapo akasimama, akaitazama ile i ya pili, akaipigia meza kwa nguvu kuliko zilizotangulia. I. Fo. Li. Am.

"Nane," akasema.

Akarudia tangu mwanzo, safari hii bila kalamu yangu. Akauliza maana yake nini. Nikamwambia: mwenye majani ya majivu. Hakujibu kitu. Aligeuza kiganja chake polepole hewani, kama mtu anayegeuza jani aone upande wa chini, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaanza kuzihesabu stika.